Tuktuk ya Umeme Iliyokataa Kushuka Feri

Kwa wiki mbili tatu za mwanzo nilikuwa nikiwaambia watu kwamba halikuwa kosa langu, lakini nyinyi mnanijua, na wengine wenu nasikia mlikuwa pale Likoni juu na simu zenu mikononi (ile video nimeiona, ahsanteni), kwa hiyo heri niyaseme mwenyewe: ni mimi yule kijana wa kanzu nyeupe aliyevuka feri mara saba mfululizo bila kushuka, amekaa ndani ya tuktuk iliyofungwa maua ya asumini, ilhali shughuli aliyotumwa inaendelea bila yeye. Nikikumbuka bado masikio yanapata moto.

Mambo yalianzia kwa Mjomba Salimu. Huyu ni kaka wa mama yangu, zamani alikuwa akifunga kamba za meli Kipevu, na alipostaafu akanunua tuktuk ya petroli akawa akibeba abiria mwenyewe hapa Kisauni, mpaka injini ikafa kifo ambacho kila fundi alikieleza kwa namna yake. Ikaegeshwa kando ya nyumba, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Kulikuwa na mtu mmoja wa Bamburi aliyekuwa akiitaka hivyohivyo bila injini, aikate aifanye kigari cha kuvuta mitungi ya maji, na Mjomba alikuwa karibu kumwambia aje aichukue. Mimi nilikuwa na shahada ya uhandisi wa umeme na miaka miwili ya kungoja kuitwa mahali. Siku moja, baada ya kulifikiria jambo lile muda wa miezi minne, nikamwendea nikamwambia kwamba naweza kuitoa ile injini nikatia mota na betri.

"Wewe?" akaniuliza.

"Mimi, Mjomba."

"Balbu ya choo umeibadilisha?"

Sikuwa nimeibadilisha. (Ilikuwa ikiungua kila baada ya wiki kadhaa, na mimi sikuona maana ya kutia nyingine kabla ya kujua kwa nini zinaungua, na kwa ajili ya kutafuta sababu hiyo watu wazima walikuwa wakienda chooni na tochi tangu Ramadhani.) Mjomba akaendelea kutafuna kashata yake, kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka neno kwa neno kwa sababu baadaye yalipimwa neno kwa neno.

"Haya. Nduguyo Abdillahi aoa mwezi ujao. Sanduku la bibi harusi litapelekwa kwao Mtongwe. Tuktuk ikifika Mtongwe na ikarudi hapa mlangoni, ni yako, n'takuandikia. Isipofika, Jumatatu yake namwita yule wa Bamburi aje na kamba."

Sijui kama mtanielewa nikisema kwamba usiku huo sikulala, na si kwa furaha. Kwa miaka miwili kila kitu nilichokuwa nacho kilikuwa cha kuazima, kitanda cha kwa mama, simu ya kaka yangu Abdillahi aliyoichoka, hata lile jina la "injinia" ambalo watu wa mtaani waliniita lilikuwa na kicheko ndani yake. Hii ingekuwa kazi yangu ya kwanza yenye magurudumu. Na nilijua ikinishinda, sitapata tena uso wa kumwomba mtu anipe kitu chake nikichezee.

Basi nikaanza kuchagua betri, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipopata chakula. Mnajua mimi ni mtu wa kusoma karatasi ya dawa mpaka mwisho kabla ya kumeza kidonge cha kichwa. Kuna betri za risasi, zile nzito za maji ambazo zimezoeleka kwenye malori, kila mtu anazijua na kila duka linazo, lakini ili nipate za kutosha ningekuwa nabeba betri nyingi kuliko abiria, na ukizibana sana umeme wake unalegea kabla ya safari kwisha. Kuna wanaonunua betri za kompyuta zilizokwisha kazi, wanazipasua, wanachambua vijiwe vya ndani kimoja kimoja kama mtu anayechambua choroko, vizuri huku na vibovu kule, kisha wanaviunga mamia kwa mamia. Nilichambua vyangu jioni tatu. Jioni ya nne nikaona video ya kimoja kikiwaka huko nchi za watu, nikavitia vyote ndani ya ndoo ya mchanga, na ndoo nikaiweka uani, nikawa naamka kuitazama. Mwishowe nikachagua zile za lithiamu ya chuma, vipande kumi na sita vikubwa kama matofali, vikiungwa vinatoa volti hamsini na moja hivi, na sifa yake kubwa ni kwamba ni pole, haziwaki ovyo. Hilo nililisoma mara nyingi. Nililiamini kichwani, moyoni likawa bado halijafika.

Kwenye mota ndipo tulipogombana na Fundi Omondi. Huyu ana karakana yake Changamwe, mtu wa bara, mkarimu, hana muda wa kufikiria jambo moja mara mbili na hana haja, kwa sababu mara ya kwanza huwa sawa. Yeye alitaka nitie mota ya foklifti, ile inayotolewa kwenye mashine za kuinulia mizigo kwenye yadi za makontena. Alikuwa nayo moja chini ya meza, nzito kama mbuzi wa kuchinjwa, nyeusi kwa grisi.

"Boss, hii itakupandisha hata ukuta," akaniambia.

"Lakini itakula umeme mwingi."

"Si ndio kazi ya umeme, kuliwa?"

Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa nimeandika uzito wa tuktuk, wa betri, wangu, wa Mjomba na wa Shangazi Mwanasha, dada wa baba (wa Shangazi nilikisia, sikuthubutu kuuliza), wa sanduku, nikaandika kila kilima kutoka mlangoni kwetu mpaka Mtongwe. Hesabu ikasema mota ndogo ya tuktuk, inayokuja na gia zake za kwenye ekseli ya nyuma, inatosha. Nikaitia hiyo. Ikabaki ile bodi ya kulinda betri, kibao kidogo cha umeme ambacho kazi yake ni kukata kila kitu pale betri inapotakiwa kutoa umeme mwingi kuliko ulivyoiruhusu. Aliyeniuzia alisema betri zile zinaweza kutoa ampea mia bila shida. Mimi nikaipanga bodi ikate kwenye sitini.

Omondi akatazama namba, akanitazama. "Sitini ya nini? Weka mia."

"Kwa usalama."

"Usalama wa nani? Wewe unaogopa betri isije ikafanya kazi?"

Nikacheka, nikaiacha sitini. Hesabu ilikuwa upande wangu, na hesabu hiyo yote ilisimama juu ya namba moja, ambayo ndiyo nataka kuwaeleza nilivyoipata.

Kilima kikubwa katika safari nzima ni kule kushuka feri. Mnajua feri ikifika Likoni huteremsha bamba lake la chuma juu ya zege, magari yanapita juu ya bamba, kisha yanapanda ule mwinuko kutoka majini mpaka barabarani. Nilitaka kujua mwinuko ule ni mkali kiasi gani. Nikaamua kwenda kuupima saa nne asubuhi, kwa sababu sanduku lingevuka saa nne asubuhi, na kwenye daftari nikaandika "saa ileile" nikapigia mstari, nikajisifu. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikuiandika. Saa nne watu wa makazini wamekwisha kuvuka, pale chini hapana wengi, na mimi nilikuwa naona haya kuonekana nimechuchumaa nikilaza simu juu ya zege, nainua, nalaza tena, kama mtu aliyeangusha pete. Simu ikasema nyuzi nne. Nikapima mara tano, nyuzi nne. Mtu mmoja wa feri, wale wa fulana ya rangi ya chungwa, akanijia taratibu.

"Bwana mdogo, wapima nini hapo?"

"Napiga picha tu."

"Picha ya zege?"

"Naam."

Akaitazama zege, akanitazama mimi, akasema, "Haya, ni nzuri," akaenda zake. Laiti ningemwambia ukweli, mkasa huu ungeishia hapo na nyinyi mngekuwa mnafanya mambo mengine sasa hivi.

Siku ikafika. Tuktuk ilikuwa imeoshwa, imefungwa asumini mbele na utepe mwekundu, na nyuma nilimpa mwandishi wa mabango aandike kwa herufi za bluu HAINA MOSHI HAINA KELELE. Basi la kina mama lilitangulia, livuke mapema likatungoje juu Likoni ili tuingie Mtongwe pamoja kwa nyimbo. Sanduku likaja kwangu kwa amri ya Shangazi Mwanasha, aliyekuwa mkuu wa msafara ule, ambaye alisema sanduku la mwana wa nduguye haliingii kwenye basi kama gunia. Akakaa nyuma, Mjomba akakaa upande wa pili, sanduku katikati yao limejaa leso, manukato, udi na mengine ambayo wanaume hawaambiwi. Tukapanda daraja la Nyali kama hewa. Mjomba akagonga kiti changu kwa nyuma mara mbili, na mimi nikajua hiyo ni sifa. Nilikuwa na furaha kiasi cha kusahau kuogopa, na hilo peke yake lingetosha kunitia shaka.

Feri ilipofika Likoni, magari yakaanza kushuka mbele yetu, na niliona yanapanda yameinua pua. Nikafikiri, mbona yanainuka vile. Wakati ninafikiria, ikawa zamu yangu.

Gurudumu la mbele likaingia kwenye zege, likapanda, ya nyuma yakafika mwisho wa bamba, mota ikatoa mlio wa kuguna, halafu nikasikia tik. Tik moja ndogo tu, chini ya kiti. Kila kitu kikazima. Tuktuk ya petroli ukiiacha ndani ya gia hushikilia, lakini hii yangu haikuwa na cha kushikilia ila mguu wangu kwenye breki.

"Mbona imenyamaza?" akauliza Shangazi.

"Haina kelele," akasema Mjomba.

Bodi ikishakata unangoja nusu dakika inarudi. Nikangoja nusu dakika hiyo, nyuma yangu pikapu, nyuma ya pikapu lori, na pembeni mamia ya watu wa miguu wanapanda huku wamegeuza shingo. Ikarudi, nikakanyaga, tukaenda kama hatua mbili, tik. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu. "Haina moshi. Haina kelele." Akatua. "Na haina nguvu." Watu wakacheka, na mimi ningecheka pia kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Wanaume sita saba wakaja kusukuma bila kuombwa, maana Likoni gari likikwama watu hawasubiri kuombwa. Wakahesabu, wakasukuma, na hapo chini kukatoka sauti ya chuma kukwaruza zege. Kasha la betri nilikuwa nimelining'iniza nyuma, chini kabisa, mahali palipokuwa na injini, ili uzito ukae chini tuktuk isipinduke (nilikuwa nimesoma kuhusu kupinduka). Sasa mbele ilipoinuka vile, nyuma ilizama, na kasha likawa linasaga zege. Nikaona kwa macho ya akili chuma kinatoboka, betri inatoboka, nikaiona ile video ya betri ikiwaka, na kabla sijafikiria (mara moja tu maishani mwangu sikufikiria) nikapaza sauti:

"Msisukume, kuna betri chini, ikitoboka yaweza kushika moto."

Ni neno la mwisho tu lililosafiri. Wale wanaume waliiachia tuktuk kwa pamoja, ikarudi nyuma ikagonga bamba la feri, na neno likapanda mwinuko kutoka mdomo hadi mdomo, watu wa miguu wakaanza kupanda kwa mbio, viatu vikabaki, dereva wa pikapu akaruka akaiacha mlango wazi, na mtu wa feri akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto akaulenga chini ya tuktuk. Hapakuwa na moto. Hapakuwa hata na joto. Lakini alikwisha kubana, na upepo ulikuwa unatoka majini, kwa hiyo ule unga mweupe ukaingia ndani wote. Ulipotulia, Shangazi Mwanasha alikuwa amekaa vilevile na sanduku lake, mweupe kuanzia kichwani mpaka kwenye magoti, na asumini zote zimekuwa kama zimepakwa chokaa. Akajipangusa macho kwa ncha ya leso, akashuka, akamwita hamali mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni mtupu.

"Mwanangu, nibebee sanduku hili."

Hamali akalibeba. Kule juu kina mama walikuwa wamejipanga wakingoja kuliona sanduku, na walipoliona linakuja, ingawa linakuja kwa mkokoteni, walifanya kilichowaleta. Nilikuwa bado nimekanyaga breki nilipovisikia vigelegele. Vilikuwa vizuri sana, virefu, na vyote vilikuwa vya mkokoteni.

Yule mtu wa mtungi akaweka mtungi chini, akanitazama vizuri.

"Si wewe wa picha za zege?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe ulikuwa wapima njia."

"Naam."

"Ungenambia, ningekwambia," akasema, na hakuongeza, kwa sababu lori lilikuwa linapiga honi. Walichoamua ni kwamba tuktuk irudi ndani ya feri, isimame pembeni kwenye vyuma vya ukingo, magari yapite. Kupanda haiwezi, na upande wa mjini nako mwinuko ni uleule. Itakaa feri mpaka itakapoweza kushuka.

Mjomba angeweza kwenda na Shangazi. Alisimama kwenye bamba akautazama mkokoteni unavyopanda, akanitazama mimi, kisha akarudi akaketi kiti cha nyuma, akapuliza unga kwenye kashata yake. Feri ikaondoka. Mimi nilikuwa tayari namwona yule wa Bamburi na kamba yake.

Tulikuwa katikati ya maji aliponiuliza, "Hebu nambia, ile zege uliipima lini?"

Nikamtajia tarehe.

"Sikuulizi tarehe ya kalenda ya ukutani. Mwezi wa angani ulikuwa ngapi?"

Sikujua. Mimi, niliyezaliwa hapa, nilikuwa najua kwa ampea na kwa volti, mwezi sikuujua. Mjomba akahesabu kwa vidole kurudi nyuma, midomo ikitikisika.

"Mwezi nane," akasema. "Maji mafu, hayaendi mbali. Mwezi nane saa nne asubuhi maji yamejaa, feri imekaa juu, zege yote mbaya iko chini ya maji. Wewe ulipima kipande cha juu tu, hapo ni kama uwanja. Leo mwezi kumi na sita. Bamvua, yale maji yanayojaa sana na kukupwa sana. Saa ileile maji yamekupwa mpaka mwisho, feri imeshuka kule chini kabisa. Saa uliitazama. Maji hukuyatazama."

Nikafungua daftari. Palikuwa pameandikwa "saa ileile", na mstari wake. Nikawa nautazama ule mstari. Wiki ngapi nilikaa nikilinganisha mota hii na ile kwa tofauti ya ampea mbili, nikaogopa betri isipate joto, isitoboke, isichoke, na ile namba moja iliyobeba zote niliichukua saa ambayo ilikuwa rahisi kwangu, hapana watu, hapana wa kuniuliza.

"Mjomba, wewe ulijua kwamba leo ni bamvua?"

Tulikuwa tumeshafika upande wa mjini, watu wanaingia, na mtoto mmoja akamwonyesha mamake tuktuk nyeupe.

"Nilijua," akasema. "Tangu asubuhi nilijua. Nikasema moyoni, huyu kasoma, ana daftari, itakuwa ameliona hilo, nikimwambia ataona namfunza kazi yake." Akajifuta unga kwenye nyusi. "Basi tumekaa wajinga wawili."

Hayo maneno yalinipa nafuu kuliko yote niliyoambiwa siku ile, na sijui kama yeye alijua. Tukakaa. Tukavuka kwenda, tukavuka kurudi. Wachuuzi wa kahawa waliokuwa wakivuka nasi wakatuzoea, mmoja akauliza kama tumepanga chumba. Mama mwenye kikapu, yuleyule, akarudi kutoka sokoni akatukuta, akasema, "Nyie bado?" akampa Mjomba ndizi mbili kwa huruma. Kila tulipogusa Likoni niliitazama zege, na kila mara ilikuwa imemezwa kidogo zaidi, mstari mmoja wa mwani wa kijani kibichi ukizama, halafu mwingine. Nikatoa simu, safari hii mbele ya watu wote, nikachuchumaa kwenye bamba nikapima. Nyuzi tisa. Safari iliyofuata Likoni, saba na kitu. Yule wa fulana ya chungwa akaja akasimama juu yangu.

"Wapima nini?"

"Napima mwinuko, ili nijue tuktuk yangu itapanda lini."

"Ngoja zamu moja tena," akasema mara moja, bila daftari. "Adhana ya adhuhuri ikishapita utapanda."

Ikawa hivyohivyo. Mvuko wa saba, tulipofika Likoni, nikakanyaga, mota ikaguna, mimi nikakaza meno nikingoja ile tik, haikuja, na tuktuk ikapanda taratibu mpaka barabarani, kimya, bila moshi. Hapakuwa na mtu wa kupiga kigelegele. Mjomba akagonga kiti mara mbili.

Mtongwe tulikuta masinia yanaoshwa. Sanduku lilikuwa limekwisha kufunguliwa, kutazamwa na kufungwa, na nilipoingia uani na kanzu yangu ya unga, wanawake wa upande wa bibi harusi wakaangaliana, mmoja wao akauliza kwa upole kabisa, "Huyu ndiye wa moto?" Tukawekewa ukoko wa pilau. Jioni maji yalikuwa yamejaa tele, tukashuka feri upande wa mjini kama tunaingia sebuleni, na Shangazi, ambaye niliapa hatapanda tena, alipanda. Hakuongea nami njia nzima. Tulipofika Kisauni nikageuka kumsaidia kushuka, nikamkuta amelala, kichwa kimeegemea pale sanduku lilipokuwa.

Jumatatu yule wa Bamburi akaja, na kamba begani. Sikujua nani alimwita, au kama alijiita mwenyewe baada ya kuona video. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya pazia kama mwizi.

"Nasikia ilikwama," akamwambia Mjomba.

"Ilikwama."

"Basi?"

"Basi ikafika Mtongwe. Kisha ikarudi, si hiyo hapo. Mimi nilisema ifike na irudi." Akatafuna kidogo. "Saa sikutia."

Mtu wa Bamburi akakunja kamba yake akaenda. Mjomba hakugeuka. Akasema tu, kuelekea kwenye pazia, "Hicho kibao ukifikishe mia. Kasha ulipandishe juu. Na balbu."

Niliyafanya yote. Omondi alinisaidia kupandisha kasha, na alipoona bodi imewekwa mia akapiga mluzi. Maandishi ya nyuma Mjomba aliyafutisha mwenyewe akaandikisha mengine, NANGOJA MAJI, na siku hizi hilo ndilo jina langu kuanzia Mlaleo mpaka feri, abiria wananiita hivyo wakinisimamisha, na nimelizoea kuliko lile la injinia. Nadhiri niliyoweka ni ndogo: mtu akiniuliza nafanya nini, namwambia ninachofanya, hata nikiwa nimechuchumaa, hata kama ni jambo la kijinga, maana huenda yeye analijua.

Balbu ya choo niliibadilisha Jumatatu ileile kabla ya magharibi. Imekaa mpaka leo. Zilizotangulia sijui zilikuwa zikiunguzwa na nini.